Mwenyekiti Ndani ya Shimo la Mtaa wa Hobling

Hakufa. Nawaambia mapema, ili wale mlioanza kushangilia wiki iliyopita mtulize roho zenu.

Tuliachana pale Mtaa wa Hobling ulipofungua kinywa mchana kweupe na kummeza Bwana Augustus Crimple, mwenyekiti wa baraza la parokia ya Mtakatifu Wulfrid, mzima mzima, na nyundo yake mkononi. Alikuwa amekuja kupigilia mlangoni kwa Keturah Blagden, mjane muuza pai za mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, amri ya kumfungia duka. Msumari wa kwanza aliupigilia. Alirudi nyuma hatua mbili kuangalia kama karatasi imenyooka, barabara ikakohoa, na mwenyekiti akatoweka.

Keturah alitoka jikoni mbio, unga umemjaa hadi viwikoni. Barabarani, kwenye kona ya duka lake ya upande wa kupanda mtaa, palikuwa na shimo la upana wa meza, na ndani ya shimo hilo ulionekana mfereji wa maji machafu, dari yake ya matofali imebomoka kama ganda la yai.

"Bwana Crimple!" aliita. "U hai?"

Shimoni likatoka tusi refu, la mtu aliyesoma.

"Yu hai," Keturah aliwaambia majirani waliokuwa wakikusanyika. Nasikitika kusema kwamba majirani wawili waliguna.

Alichungulia. Mwenyekiti alikuwa ameketi kwenye uji mweusi uliomfika kifuani, mabega yamebanwa na matofali. Kofia yake ndefu ilikuwa bado kichwani, imenyooka vizuri.

"We bibi, acha kunitazama kama samaki wa sokoni. Nivute!"

"Nitakuvuta, mheshimiwa. Lakini kwanza vuta pumzi."

"Nini?"

"Vuta pumzi. Vuta vizuri. Umeandika kwenye hiyo karatasi yako kwamba harufu inayosumbua mtaa mzima inatoka jikoni kwangu. Haya, hapo ulipo, unasikia mkunga hata mmoja?"

"Huu si wakati wa utani!"

"Nani anatania? Kengele ya saa sita ikilia unanizimia jiko."

Kweli, hakuwa akitania. Amri ilisema kengele ya adhuhuri ikilia, moto uzimwe na mlango ufungwe. Keturah hakuwa na kitu kingine duniani. Nje ya duka lile palikuwa na mlango mmoja tu uliomsubiri, mlango wa nyumba ya maskini ya parokia, ambako wajane hukatwa nywele, huvishwa gauni la kijivu na kukalishwa kuchambua kamba kuukuu mpaka vidole vitoke damu. Aliwahi kumpelekea rafiki yake chai huko. Tangu siku hiyo hakuwahi kulipita lango lile bila kuharakisha mwendo.

Na wote waliokuwa wamesimama pale walijua harufu ilitoka wapi. Mfereji ule ulikuwa umeoza tangu majira ya baridi. Maji yake yalimjia Keturah hadi chini ya meza ya kukandia unga. Lakini ukisema mfereji umeoza, lazima useme ni mfereji wa nani, na hapo ndipo kila mtu wa Mtaa wa Hobling alipoanza kuangalia mawingu.

"Pisheni! Pisheni njia!"

Alikuwa Enoch Tuttle, nyapara wa barabara wa parokia ya Wulfrid, na nyuma yake wafagiaji wanne wenye mafagio na mabeleshi. Enoch alikuwa jitu la mtu, lenye mikono kama makasia na moyo mwepesi kama wa ndege. Alikuwa anampenda Keturah. Hakuwahi kumwambia, alichofanya ni kumfagilia mbele ya duka mara mbili kila siku, na mara tatu Jumamosi.

"Tuttle!" sauti ilitoka shimoni. "Mungu amekuleta. Leta kamba, haraka!"

Enoch alivua kofia. "Siwezi, bwana."

"Huwezi nini?"

"Amri yako, bwana. Ulisema mtu wa Wulfrid atakayetia hata kijiko kwenye mfereji huu, kazi hana. Ulisema tukiugusa mara moja tumekiri ni wetu, na tutautengeneza sisi hadi kiama."

"Nilisema hivyo?"

"Ulituita wote uwanjani kutuambia, bwana. Ulisimama juu ya ndoo."

Mtu mwingine yeyote, akiwa ameketi mahali pale, angesema amri imefutwa. Lakini Bwana Crimple hakufika kwenye kiti kile kwa kuwa mtu mwingine yeyote. Alichaguliwa kwa maneno mawili tu, kodi haitapanda, na alikuwa mwaminifu kwa maneno hayo kuliko wengi tulivyo waaminifu kwa wake zetu.

"Uko sahihi, Tuttle," alisema baada ya kufikiri. "Msiniguse. Mfereji ni wa Petronila. Waiteni Petronila wanitoe."

Wafagiaji walitazamana. Mmoja wao alijifuta jicho kwa kofia, na haikuwa kwa huzuni.

Basi jueni kwamba Mtaa wa Hobling, unaoteremka kutoka kanisa la Mtakatifu Wulfrid hadi mtoni, ni mtaa wenye mabwana wawili. Watu wote waliamini kwamba mpaka wa parokia unapita katikati yake, toka juu hadi chini. Upande wa kushoto ni wa Wulfrid, wa kulia ni wa Mtakatifu Petronila. Wafagiaji wa Wulfrid hufagia nusu yao kwa kusukumia uchafu kulia, wa Petronila hufagia yao kwa kusukumia kushoto. Matope na mavi ya farasi ya Mtaa wa Hobling hayajawahi kuondoka Mtaa wa Hobling. Yanavuka tu.

Na mfereji, kwa bahati mbaya, uko katikati.

Hawakuhitaji kwenda kuwaita Petronila. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya Kupaa, siku ya kupiga mipaka, ambapo kila parokia hutoka na fimbo zake za mierebi kuzunguka eneo lake na kuchapa kila jiwe, kila ukuta na kila mti wa mpakani, ili asiwepo wa kusema amesahau. Ngoma zilisikika zikipanda kutoka mtoni. Mara wakatokea, watu hamsini wa Petronila na fimbo zao, na mkokoteni wenye pipa la bia, na mbele yao Bwana Horace Minchin, mwenyekiti wao, mnene, mwekundu, ua kifuani na kikombe mkononi.

"Nasikia mmepoteza mwenyekiti," alisema Minchin, akichungulia shimoni. "Ala! Augustus! Nawe umekuja kusherehekea?"

"Nitoe, Minchin. Shimo ni lenu."

"Letu? Wewe umekaa nusu ya kushoto, ndugu yangu."

"Miguu yangu iko nusu ya kulia!"

"Basi tutakutoa miguu."

Mtaa mzima ulipasuka kwa kicheko. Hata farasi wa mkokoteni alitikisa kichwa.

"Minchin, huu si ubinadamu!"

"Ubinadamu ninao, Augustus, tena mwingi. Kisichokuwepo ni fedha ya kutengeneza mfereji. Nikikuvuta mimi, kesho utasimama barazani useme Petronila wameushughulikia. Nakujua." Aligeukia watu wake. "Pitieni mbali na shimo, jamani! Mbali kabisa! Asichape mtu kitu chochote hapa. Wewe, Barnaby, hiyo fimbo iinue juu!"

Hapo ndipo Mtaa wa Hobling ulipoona ajabu. Zamani, mababu zao walivunjana vichwa siku ya Kupaa kugombea unyayo mmoja wa ardhi. Leo watu hamsini walipita wamejibana ukutani, matumbo ndani, fimbo juu ya vichwa, wakiogopa kuigusa barabara wasije wakapewa. Na nyuma yao, kutoka kanisani, maandamano ya Wulfrid yakateremka, nayo yakajibana ukuta wa pili vilevile.

Keturah alitazama saa ya kanisa. Ilibaki robo saa. Akatazama shimo. Wazo lilimjia, na lilipomjia hakulisubiri likae.

"Bwana Crimple," alisema, akipiga magoti ukingoni. "Mimi si parokia. Mimi ni mama muuza pai. Nina kapi darini, la kupandishia magunia ya unga, na gunia la unga ni zito kuliko wewe. Nikikutoa mimi, hakuna aliyekiri kitu. Sivyo?"

Uso wa mwenyekiti ulichangamka. "Ni kweli! Bibi Blagden, una akili!"

"Sema tu neno moja, kwa sauti, wasikie wote. Sema harufu si ya duka langu."

Uso ukazimika.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi kusema unalolijua? Umelikalia!"

"Sikiliza, bibi." Sauti yake ilishuka, na kwa mara ya kwanza siku ile aliongea kama mtu na jirani yake. "Sina ugomvi na pai zako. Jumamosi nilikula mbili."

"Tatu."

"Tatu. Lakini watu wananililia kila siku kuhusu harufu, na harufu lazima iwe na mwenyewe. Nikisema si yako, wataniuliza ni ya nani. Nikisema ya mfereji, nimeshapandisha kodi. Wewe una duka moja tu. Wao wako elfu ngapi huko?"

Keturah alikung'uta unga mikononi. Angalau mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumzika. Huyu alikuwa anamfukuza duniani kwa hesabu, huku akimsifia pai.

"Basi kaa humo," alisema, machozi yakimlenga kwa hasira. "Kaa humo na kodi yako mpaka uote mizizi."

"Keturah," Enoch aliita kwa sauti ndogo. Alitaka kusema jambo zuri, akakosa. "Nikufagilie?"

"Enoch, tafadhali."

Shimoni, mwenyekiti alijinyonganyonga. "Na hata hivyo siwezi kukaa. Kuna jiwe hapa chini linanitoboa tangu nilipoanguka."

"Jiwe?" alisema Enoch. "Mfereji huo wote ni tofali, bwana."

"Tofali nalijua na jiwe nalijua, Tuttle. Asubuhi hii nimeyakalia yote mawili. Hili ni jiwe, limesimama, nami niko juu yake kama kuku. Lina..." Mkono wake ulizama kwenye uji, ukatafuta. "Lina kitu kimechongwa. Kama... kama samaki."

Ngoma zilinyamaza.

Bwana Minchin, aliyekuwa amekwisha kufika mlango wa nne, alisimama. Kikombe kilimponyoka. Samaki ni alama ya Mtakatifu Wulfrid, kama ufunguo ulivyo wa Mtakatifu Petronila, na kila mtoto wa parokia zile mbili huijua kabla hajajua jina lake.

"Jiwe la mpaka," alisema Enoch, akinong'ona. "Wazee walisema lilikuwepo jiwe mtaa huu."

Kumbe! Kila majira ya baridi, badala ya kuondoa matope, parokia zile mbili zilimwaga kokoto juu yake. Kokoto juu ya matope, matope juu ya kokoto, miaka nenda miaka rudi, hata milango iliyokuwa ya kupandia ngazi ikawa ya kushukia. Walikuwa wamelizika jiwe lao wenyewe kwa uvivu, kisha wakakisia mpaka unakopita. Na mafundi waliokuja baadaye kujenga mfereji walilikuta njiani na, kwa kuwa hawakulipwa kung'oa mawe, wakajenga kulizunguka.

"Bwana mwenyekiti," Enoch aliuliza, akijizuia kwa shida asicheke, "ulipoanguka, ulitangulia na nini?"

"Unauliza nini, Tuttle?"

"Ulitua kwa kitu gani, bwana?"

Mwenyekiti alishusha sauti. "Makalio."

"Kwa nguvu?"

"Meno yaligongana!"

Enoch alifunika uso kwa kofia yake. Watu mia waliangua kicheko kilichosikika hadi mtoni, maana hakuna mtu wa parokia asiyejua jiwe la mpaka linavyothibitishwa siku ya Kupaa. Huchukuliwa mtu, akabinuliwa, akagongeshwa makalio juu ya jiwe mbele ya mashahidi, ili asilisahau maisha yake yote. Na hapa mashahidi walikuwepo wa parokia zote mbili, na fimbo mkononi, na siku ndiyo hiyo hiyo. Likigongwa namna hiyo, limegongwa.

"Samaki anatazama wapi?" aliuliza Minchin. Alikuwa amerudi ukingoni, na ule wekundu wote umemwisha.

Mwenyekiti alipapasa. Wote waliinama. Mtu mmoja wa nyuma alisema hasikii, akaambiwa anyamaze na watu kumi.

"Anatazama juu," alisema Crimple. "Kanisani kwetu."

"Na uso wa pili?"

"Ngoja. Uso wa pili unatazama... mtoni. Una duara. Una mkia. Una meno." Akainua kichwa ghafla, macho yamewaka. "Ufunguo! Ni ufunguo, Minchin! Mpaka hauendi na mtaa, unaukata mtaa! Kutoka jiwe hili kupanda juu ni kwetu, kushoto na kulia. Kutoka jiwe hili kushuka ni kwenu, kushoto na kulia! Na mfereji umeoza wapi? Huku chini! Umebomoka wapi? Huku chini! Ni wenu! Mfereji ni wenu, shimo ni lenu, matope ni yenu! Nilisema nini? Miezi yote hii nilisema nini?"

Akapiga uji kwa viganja vyote viwili kwa furaha, na wote waliokuwa mstari wa mbele wakajuta.

"Mmeshuhudia?" alipaza sauti. "Wulfrid, mmeshuhudia?"

"Tumeshuhudia!" walijibu watu wake, wakapiga fimbo chini kwa pamoja. Wa Petronila walipiga zao taratibu, kama watu wanaozika. Wangefanya nini? Desturi ni desturi.

Keturah peke yake hakupiga kelele. Alikuwa anatazama kona ya duka lake, kisha shimo, kisha kona ya duka tena.

"Samahani, mheshimiwa," alisema, akijifuta tope shavuni. "Naomba kuelewa. Duka langu mimi liko juu ya jiwe au chini ya jiwe?"

"Chini, bibi, chini! Liko Petronila sasa, na..."

Alikomea hapo. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka, na watu mia walikuwa wamekwisha kuyasikia.

Keturah alitembea hadi mlangoni kwake. Alitembea polepole, kama bibi harusi. Aliung'oa ule msumari mmoja kwa vidole vyake, akaichukua amri ya parokia ya Wulfrid, akaingia ndani, akatoka. Karatasi ilikuwa imefungia pai ya moto.

"Shika, Enoch," alisema. "Leo usifagie. Kula."

Juu kanisani kengele ya adhuhuri ikaanza kulia. Ililia mpaka ikamaliza, na jiko la Keturah Blagden likaendelea kuwaka. Alisimama mlangoni akacheka na kulia kwa pamoja, bila kuona haya, na Enoch Tuttle akasimama na pai mkononi asijue aanzie wapi, kwenye pai au kwenye maisha yake.

Aliing'ata. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Bwana mwenyekiti," alisema mdomo umejaa. "Nyumba yako si ile yenye mlango wa kijani? Ya tatu kutoka hapa?"

"Unaijua vizuri nyumba yangu, Tuttle."

"Ya tatu kushuka, bwana."

Msomaji, umewahi kuona mtu akipauka huku uso wake ni mweusi tititi kwa tope? Bwana Crimple alifanya hivyo.

Bwana Minchin, kinyume chake, alianza kurudiwa na rangi. Ilianzia shingoni ikapanda. "Hebu ngoja," alisema, utamu ukimjaa sautini. "Mwenyekiti wa Wulfrid lazima awe mkazi wa Wulfrid. Ndivyo, jamani?"

"Ndivyo!" watu wa Wulfrid wenyewe walijibu, na baadhi yao walijibu kwa haraka isiyo ya heshima.

"Na Augustus wetu analala chini ya jiwe. Analala Petronila! Kumbe miaka yote hii mmekuwa mkiongozwa na mtu wetu! Mngetuambia tu, tungewatoza." Alishika tumbo akacheka mpaka ua likamdondoka. "Umeupata mfereji, Augustus? Umeupata? Na kiti kimekwenda nao!"

Vicheko viliruka kutoka ukuta hadi ukuta. Mwenyekiti, ambaye sasa hakuwa mwenyekiti wa chochote, aliketi kwenye uji wake. Povu moja lilipanda mbele ya kifua chake, likapasuka. Hata Keturah alimwonea huruma kidogo. Angejua yajayo, asingemwonea.

"Minchin," alisema Crimple hatimaye, kwa upole.

"Naam, jirani?"

"Mimi ni mlipa kodi wa Petronila."

"Karibu sana."

"Nimenasa ndani ya mfereji wa Petronila, uliobomoka kwa uzembe wa Petronila, mbele ya mashahidi mia. Na wewe ndiye mwenyekiti wa Petronila." Alitabasamu. "Unanitoa sasa hivi, au nikae mpaka mwanasheria wangu aje kuniona nilivyo?"

Minchin aliacha kucheka.

Wanaume wanane wa Petronila walivuta. Keturah aliwaazima kapi, maana roho yake si mbaya, na Bwana Crimple akatoka shimoni kwa mlio wa kizibo kikubwa. Hakuomba maji. Hakuomba taulo. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye mkokoteni, akapanda juu ya pipa la bia, akasimama pale akichuruzika, kofia yake imenyooka.

"Watu wa Petronila!" alisema. "Uchaguzi wa baraza lenu ni lini?"

"Jumatatu," mtu mmoja alijibu kabla hajafikiri.

"Jumatatu! Jamani, mmepewa mfereji leo. Mmeuona. Mnajua Bwana Minchin atautengeneza kwa fedha ya nani? Kwa yenu! Lakini mimi, jirani yenu mpya, nawaambia maneno mawili tu." Alinyoosha mikono yote miwili. "Kodi haitapanda!"

Makofi. Machache mwanzoni, kisha mengi. Makofi ya watu wale wale waliokuwa wakimcheka sasa hivi.

"Na mfereji je?" Enoch aliuliza kwa nguvu.

"Mfereji? Mfereji umelala chini ya ardhi, hamsumbui mtu. Kinachowasumbua ni harufu." Aligeuka polepole. Kidole chake, kikidondosha tope, kikazunguka mtaa mzima na kusimama mlangoni kwa Keturah. "Na harufu, ndugu zangu, ina mwenyewe. Nichagueni Jumatatu, na Jumanne lile jiko litakuwa baridi."

Walishangilia. Wanaume waliokula pai zake kila Jumamosi walishangilia. Keturah aliegemea mlango wake. Alikuwa ameponyoka mkononi mwa Wulfrid, na mkono ule ule ulikuwa umemfuata hadi Petronila, sasa ukidondosha tope. Aliliona lango la nyumba ya maskini, aliliona gauni la kijivu. Enoch alimshika kiwiko. Keturah akasimama imara kwa muda wa pumzi tatu, kisha akauondoa mkono wa Enoch kwa utaratibu.

"Bwana Minchin," alisema.

Minchin alikuwa ameketi kwenye gurudumu la mkokoteni, amekunja uso. "Nini, mama?"

"Kwenu anapiga kura nani?"

"Mwenye nyumba anayelipa kodi."

"Mimi nalipa tangu mume wangu alipofariki."

"Basi utapiga. Wajane wenye nyumba hupiga, hakuna shida."

"Na kusimama kuchaguliwa je?"

Minchin aligeukia watu wake. Alimtazama mtu wake wa kulia, na huyo akawa anatazama viatu vyake. Alikuna kidevu. Makofi yakaanza kupungua, maana wa mbele walikuwa wamesikia swali, na wa nyuma walikuwa wanauliza wa mbele wamesikia nini.

"Sijui," alisema mwishowe. "Kusema kweli sijui. Hakuna aliyewahi kuuliza."

Juu ya pipa, Bwana Crimple alicheka. Alicheka kwa moyo wote, akisubiri mtaa ucheke naye kama kawaida, na mtaa haukucheka. Madirishani na milangoni wanawake wa Mtaa wa Hobling, ambao ndio hupiga deki kila siku matope yanapovuka, walikuwa wameacha kupiga makofi.

Keturah alijifungua aproni, akampa Enoch aishike, akakanyaga ekseli ya mkokoteni.

"Shuka kwenye hilo pipa, mheshimiwa," alisema. "Nina la kusema."